Kahawa ya Cheptais isifungiwe mlango
Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Cheptais, mtelemkoni mwa Mlima Elgon. Shamba langu halifiki ekari mbili, na mibuni aliipanda marehemu baba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataza kuuzwa huko kahawa iliyotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Hilo naliunga mkono. Msitu ukiisha huko juu, mito yetu itakauka.

Tatizo liko kiwandani mwa chama chetu cha ushirika. Karani hupima cheri, huandika nambari yangu ya uanachama, kisha kahawa ya kila mtu humwagwa pamoja. Sheria inadai mahali lilipo kila shamba, kwa hiyo shamba moja lisilo na alama laweza kuponza shehena nzima. Inadai pia haki za ardhi ziheshimiwe, nasi ni majirani wa Chepyuk, ambako mzozo wa mashamba ulimwaga damu mwaka 2006 hadi 2008.

Utekelezaji wa sheria hiyo umesogezwa hadi mwisho wa 2026. Serikali ya kaunti itume wapimaji sasa wachore ramani za mashamba yetu, bila kumtoza mkulima hata shilingi, na ramani hizo zimilikiwe na vyama vyetu vya ushirika, si na wanunuzi.