Mkongo haukatiki baharini tu, mtandao wetu unafia kwenye maungio

Wadau, leo naomba tuongelee kitu ambacho kila mtu analalamikia lakini wachache wanakifuatilia. Mtandao ukilala hapa Bongo, jibu ni moja tu: "mkongo umekatika baharini." Ukiuliza mwenye kafe, mkongo. Ukipiga huduma kwa wateja, mkongo. Basi bahari imekuwa kama yule mtoto mtundu wa mtaani, kila kioo kikivunjika anatajwa yeye.

Sisemi kwamba bahari haina kosa kabisa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, upande wa Durban, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Mpaka ubalozi wa Marekani pale Dar ukafunga milango kwa wateja siku mbili kwa sababu ya mtandao. Na wenzetu Wakenya hawajasahau Februari 2012, meli ilipotupa nanga karibu na bandari ya Mombasa ikakata mkongo wa TEAMS. Hayo ni mambo ya kweli, na magazeti yakaandika.

Lakini hebu tujiulize, je, kila siku ambayo nyumba moja Sinza inakosa mtandao wakati jirani yake anaangalia mpira bila shida, hiyo nayo ni bahari? Mkongo gani huo wa baharini unaochagua nyumba?

Kipimo rahisi hiki hapa. Kama umevutiwa faiba nyumbani au kwenye kafe, angalia kile kiboksi cha mtoa huduma ukutani. Kina taa imeandikwa LOS. Mkongo wa baharini ukikatika, taa hiyo HAIWAKI nyekundu, na tovuti zilizohifadhiwa hapa hapa nchini kwa kawaida zitafunguka. LOS ikiwa nyekundu, maana yake mwanga haufiki kwenye kiboksi chako. Tatizo liko nchi kavu, kati yako na kituo cha mtoa huduma. Bahari hapo haihusiki hata kidogo.

Sasa nchi kavu kuna nini? Kuna greda za barabara, kuna wachimba mitaro ya maji, kuna wezi wanaokata waya wakidhani ndani kuna shaba kumbe ni kioo kitupu. Hao tunawajua. Kuna adui mwingine hana kelele: maungio. Yaani kila mahali ambapo uzi wa kioo umeunganishwa na mwenzake, na kila mwisho wa waya unapofungwa konekta.

Kwa wasiojua, uzi wenyewe una unene wa mikroni 125, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Ile njia ya katikati inayopitisha mwanga ni mikroni 9 hivi tu. Unywele wako una kama mikroni 70. Sasa fundi anatakiwa akutanishe vinjia viwili vya mikroni 9, uso kwa uso, bila kupishana. Anamenya ngozi ya plastiki, anafuta kioo kwa spiriti safi, anakikata kwa kisu maalum (wao wanakiita kliva) ili uso uwe bapa kabisa, halafu mashine inavipanga na kuviyeyusha kwa cheche ya umeme mpaka viwe kitu kimoja. Hiyo ndiyo kusplaisi. Kabla ya yote anatakiwa awe ameshavisha kile kimrija cha plastiki cha kulinda kiungio, maana akisahau, anakata na kuanza upya. Kiungio kizuri kinapoteza chini ya desibeli 0.1. Karibu hakuna.

Na hata ile meli iliyokwenda kutengeneza EASSy na Seacom ilifanya hivyo hivyo. Inavua ncha mbili kutoka chini ya bahari, inaweka kipande kipya katikati, mafundi wanasplaisi, wanapima, wanarudisha majini. Kazi ni ile ile ya kijana aliyepanda ngazi mtaani kwenu. Tofauti ni kwamba kule hakuna anayewaambia "fanya fasta, bado nyumba kumi."

Konekta ndiyo yenye vituko zaidi. Kioo kilichosplaisiwa kimeshakuwa kitu kimoja, lakini konekta ni nyuso mbili zinazogusana tu. Chembe ya vumbi ya mikroni 5, ambayo macho yako hayaioni, ikikaa pale katikati inaziba sehemu kubwa ya njia. Halafu kuna rangi. Konekta ya bluu uso wake ni wa kawaida, ya kijani umechongwa kwa pembe ya nyuzi 8 ili mwanga unaorudi usimsumbue aliyeutuma. Ukichomeka kijani kwenye bluu inaingia vizuri kabisa, hata mlio unasikia, lakini ndani kumebaki uwazi na mwanga mwingi unapotea. Mteja ataona mtandao "upo", ila unasuasua.

Tupige hesabu kidogo, msiogope. Mfumo wa faiba ya majumbani wa aina inayotumika sana unaruhusu upotevu wa desibeli 28 kutoka kituoni mpaka kwako. Chukua umbali wa kilomita 5: unapoteza 1.75 kwenye waya wenyewe. Kile kifaa kinachogawa mwanga kwa nyumba 32 kinakula kama 17. Maungio sita mazuri ni 0.6. Konekta nne safi, 0.3 kila moja, ni 1.2. Jumla 20.55. Una akiba ya zaidi ya desibeli 7, unalala usingizi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Zile konekta nne zifungwe ovyo au ziwe na vumbi, kila moja ipoteze desibeli 2. Jumla inapanda mpaka 27.35. Siku ya kwanza mtandao unawaka, fundi anasaini, anaondoka. Wiki ya tatu mtoto anasogeza kabati na kukunja waya kidogo, akiba imekwisha. LOS nyekundu. Unapiga simu, unaambiwa… eee, mkongo.

Kwa nini inakuwa hivi? Wengi wanakimbilia kusema mafundi wetu hawajui. Mimi sikubali. Angalia fundi analipwa kwa nini. Mtoa huduma anampa kazi mkandarasi, mkandarasi anampa mkandarasi mdogo, yule naye anatafuta vijana na kuwalipa kwa idadi ya nyumba. Ukilipwa kwa idadi, kila dakika ya kufuta konekta ni hela inayopotea mfukoni mwako. Kuna njia nzuri ya kumalizia waya: kusplaisi kipande kifupi chenye konekta iliyofungwa na kusuguliwa kiwandani. Na kuna njia ya haraka: konekta ya kubana kwa mkono, haihitaji mashine, ndani ina gundi laini ya kupitisha mwanga. Hiyo ya pili siyo mbaya ikifungwa na mtu makini, lakini inategemea sana mkono na usafi, na joto na vumbi vyetu mnavijua. Kwa malipo ya idadi, wewe ungechagua ipi?

Halafu ukubwa wa jambo lenyewe. Awamu mbili za kwanza za Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa 2009, zilikuwa kilomita 7,560. Tuseme kwa mfano kila ngoma ya waya ni kilomita 4 na ina nyuzi 24. Hapo unapata sehemu 1,890 za kuunga na maungio zaidi ya 45,000, bado hujaingia mtaani kwa mtu. Kila kimoja ni mkono wa mtu fulani, siku fulani, akiwa amelipwa au hajalipwa.

Wapo watakaosema suluhisho ni satelaiti, tuachane na waya. Jamani, vituo vya ardhini vya satelaiti navyo vinaungwa na faiba. Hamjakimbia maungio, mmeyahamisha tu. Na wapo watakaosema vifaa ni ghali. Ni kweli mashine za Kijapani kama Fujikura na Sumitomo zinauma, lakini za Kichina siku hizi zinapatikana kwa chini ya dola elfu moja. Vijana watatu wakichanga siyo ndoto. Kitambaa cha kufutia konekta nacho ni bei ya soda chache tu.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, malipo yafuate kipimo, siyo idadi. Mkandarasi asilipwe mpaka aonyeshe vipimo vya kila uzi, kutoka pande zote mbili, kwa mwanga wa nanomita 1310 na 1550. Mashine ya kupima, OTDR, inaonyesha kila kiungio kiko mita ya ngapi na kinapoteza kiasi gani. Hakuna pa kujificha. Pili, fundi anayesplaisi atambulike na kazi yake ibaki na jina lake, kama fundi cherehani ambaye suruali ikipasuka unajua pa kurudi. Tatu, wewe mteja, siku ukifungiwa faiba usiulize tu neno la siri la waya-lesi. Muulize fundi: "Nipimie mwanga unaofika hapa." Ukiwa hasi 18 au 20 hivi, mpe soda. Ukiwa hasi 26 au 27, uko ukingoni, asikunje ngazi yake. Na tafadhali usichungulie ndani ya konekta kwa jicho, mwanga huo hauonekani lakini unaweza kuumiza.

Bahari itaendelea kukata mikongo, hilo hatuna mamlaka nalo. Maungio ya mtaani kwetu tunayo. Na ndiyo hayo yenye ajira kwa vijana wengi mnaosoma hapa mkiwa mmekaa kafe mnahesabu dakika.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mafundi wa faiba mliopo humu, tuambieni mnalipwa kwa nyumba au kwa kipimo? Na kama nimewaonea watoa huduma, waje waseme. Matusi hapana, hoja ndiyo.