Msiseme "Saa Yake Ilifika"

Ndege ndogo ya mafunzo ikianguka inaporuka, neno la kwanza kwenye kilio hapa Lubumbashi ni moja: saa yake ilifika. La pili hunong'onwa: kuna mkono wa mtu. Nayakataa yote mawili. Yanamtuliza mfiwa kwa usiku mmoja, kisha mwanafunzi mwingine anapanda ndege kwa mazoea yale yale.

Uwanja wetu wa ndege wa Luano uko mita 1,300 hivi juu ya bahari. Oktoba, kabla ya mvua, joto likifika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi kama ya mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000. Injini ya pistoni hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya nguvu zake, propela hushika hewa haba, mabawa hubeba uzito mdogo. Mwanafunzi asiyefundishwa kupunguza mafuta yanayochanganyika na hewa huidhoofisha injini zaidi. Ndege inaacha ardhi lakini haipandi. Anavuta pua juu, mwendo unakwisha, inaanguka.

Yote hayo huhesabika kabla ya injini kuwashwa. Majedwali yamo katika kitabu cha ndege. Marubani wana kanuni pia: ukifika nusu ya njia unayohitaji kurukia bila asilimia 70 ya mwendo wa kuruka, katisha, funga breki. Luano ina njia ya zaidi ya kilomita 3; nafasi ya kusimama ipo.

Muumini ataniambia uhai ni wa Mungu. Naam, nami naamini hivyo. Lakini mizani ya mizigo ametuachia sisi. Tarehe 8 Januari 1996, Antonov iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kuruka Ndolo, Kinshasa, ikaingia soko la Simbazikita na kuua mamia. Je, wanunuzi na wauzaji wote wale saa zao zilifika pamoja? Aliyewaua ni mzigo, na waliouruhusu.

Basi kila shule ya urubani iandike uzito, joto na urefu wa njia kabla ya kila safari, na mwalimu atie saini. Ajali ikitokea, ripoti itolewe hadharani, ili kosa lijulikane na lisirudiwe. Nanyi wazazi, kabla ya kulipa karo, ombeni kuonyeshwa karatasi hiyo. Shule isiyo nayo, msimpeleke mtoto.