Picha Yako na Mtumbwi wa Ndugu Yako

Siku hizi kila mwenye telefone amekuwa mpiga picha. Si jambo baya. Mwenyezi Mungu alitupa macho tuutazame uzuri wa kazi yake, na ziwa letu Edouard ni mojawapo ya kazi hizo. Lakini hapa Vitshumbi imeingia desturi mbaya, nami sitainyamazia.

Kijana ataka picha ya mwari wakiruka. Mwari wametulia ufukoni. Basi awatupia mawe. Mwingine awatupia kongoti matumbo ya samaki, wapigane mbele yake. Wa tatu, naye ndiye mbaya kuliko wote, amlipa mwenye mtumbwi wa mota amsogeze hata karibu ya viboko, na mota inaungurumishwa mpaka dume lipanue kinywa. Picha imepatikana! Watu wanacheka, wanarudi nyumbani.

Je, kiboko arudi wapi? Abaki majini na hasira yake, na jioni mvuvi apita palepale kwa kasia, pamoja na nyavu zake. Mtumbwi ukipinduliwa, nani atasema ni kosa la picha ile? Watasema tu: kiboko ni mnyama mkali. Mama atalia, nasi tutachimba kaburi. Hii ni haki gani, wewe kula raha na jirani kulipa deni?

Wengine hunijibu: «Katekista, picha haiui, aliyeua ni mwindaji.» Ni kweli, hatia ya mwindaji ni kubwa zaidi. Katika miaka ya 1970 Parki ya Virunga ilikuwa na viboko wapatao 29,000. Mwaka 2005 hawakufika 900. Tena mwaka 2025 ugonjwa wa kimeta uliua wasiopungua 50. Lakini kwa sababu hiyohiyo nasema: waliosalia ni wachache, nasi tuwasumbue kwa mchezo? Samadi ya kiboko huanguka majini, ikarutubisha vimea vidogo ambavyo tilapia hula. Anayemfukuza kiboko agusa sahani yake mwenyewe.

Wengine husema: «Wazungu ndio walioanza.» Sawa. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alipanda milima ya Virunga, akapiga sinema ya gorila, na pia akawaua kadhaa kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Lakini mtu huyo aligeuka, akaomba walindwe, na mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji akaianzisha parki. Ikiwa mwenye bunduki aliweza kugeuka, wewe mwenye telefone washindwa na nini?

Wala sisemi kwamba kamera ni dhambi. Gorila walipouawa katika parki hii mwaka 2007, picha za Brent Stirton, zilizoonyesha mizoga ikibebwa na wanakijiji, ziliuamsha ulimwengu. Yeye hakumsumbua mnyama, alishuhudia ukweli. Basi nasi tushuhudie hivyo.

Njia yake si ngumu. Kaa mbali, ungoje. Mnyama akiacha kula akakutazama, umekwisha kukaribia mno: rudi nyuma. Usitupe jiwe, usitupe chakula, usikanyage penye mayai wala makinda. Nanyi wenye mitumbwi, nawasihi zaidi: franka za siku moja zisiwafanye mwuze usalama wa wenzenu. Mtu akitaka kuchokoza viboko, mkatalieni, awe mgeni au mwana wa hapa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji azame.

Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuilinda. Tukiungama dhambi zetu, tusidhani kwamba ziwa halimo katika hesabu ile.