Udongo Upimwe Kabla ya Kibali Kutolewa

KAULI YA JUMA
Na Salum Hemedi Mbarouk

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, baada ya adhuhuri, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9, watu wasiopungua 17 wakafariki dunia, nyumba kwa mamia zikaporomoka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo zimelea wasomi wengi wa nchi hii, zikaharibika hata zikafungwa. Wengi walitaajabu, wakisema kwamba Bukoba haikujulikana kuwa mji wa matetemeko. Walakini nchi iliyopasuliwa na Bonde la Ufa, na ambayo mnamo Desemba 1910 ilipigwa upande wa Rukwa na tetemeko la 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika Mashariki, haina udhuru wa kutaajabu.

Wajuzi wa elimu ya matetemeko hutufahamisha kwamba nguvu ya tetemeko ni jambo moja, na namna kiwanja kinavyoipokea nguvu hiyo ni jambo jingine. Mtetemo upitao katika mwamba mgumu huenda mbio na mawimbi yake huwa madogo, ilhali ukiingia katika matope ya ziwa, udongo wa bondeni au kifusi, mwendo wake hupungua na mawimbi yake hukua, mfano wa sinia linalotikiswa, bakuli lililo juu yake likasogea kidogo tu na uji uliomo ndani ukamwagika. Ndiyo sababu wahandisi hupima kasi ya mtetemo katika mita 30 za juu za ardhi: ikizidi mita 760 kwa sekunde, mahali hapo huhesabiwa kuwa mwamba, ikipungua chini ya 180, huhesabiwa kuwa udongo laini wa kutahadhari nao.

Ushahidi wa maneno haya uliandikwa kwa damu mjini Mexico City tarehe 19 Septemba 1985. Kitovu cha tetemeko lile, lililokuwa na nguvu ya 8.0, kilikuwa pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini. Lakini kwa kuwa kitovu cha mji kimejengwa juu ya udongo wa ziwa la kale la Texcoco, mtikiso ulifika huko ukiwa mara nne au tano zaidi ya ule uliopimwa kwenye Chuo Kikuu, kilichojengwa juu ya mawe ya volkano katika mji huo huo. Tena udongo ule ulikuwa ukienda na kurudi kila baada ya sekunde mbili hivi, na majengo yaliyopatana na mwendo huo, aghalabu yenye ghorofa baina ya sita na kumi na tano, ndiyo yaliyoanguka kwa wingi, hali nyumba fupi nyingi za jirani zikibaki wima. Kwa hiyo haimtoshi mjenzi kuuliza kama nyumba yake ni imara. Imlazimu aulize pia kama kimo chake chapatana na ardhi iliyoko chini yake.

Na mchanga ulioshiba maji una hila yake. Huko Niigata, Japani, mwaka 1964, mchanga wa namna hiyo ulipotikiswa ulipoteza ushupavu wake ukawa kama kimiminika, na majengo ya ghorofa, ambayo kuta zake hazikuwa na kasoro kubwa, yakainama, na mojawapo likalala karibu ubavu mzima. Zege na nondo hazikuwa na lawama. Lawama ilikuwa ya kiwanja ambacho hakikuchunguzwa.

Najua nitajibiwa kwamba kutoboa ardhi kwa mashine na kupeleka udongo maabara ni gharama isiyomfaa mtu anayejenga vyumba vitatu kwa akiba ya miaka kumi. Hoja hiyo ni ya haki, nami siipingi. Nasema tu kwamba yatuongoza kwenye suluhu nyingine, nayo ni kwamba mzigo huo usiachiwe mwenye kiwanja mmoja mmoja. Kanuni za ujenzi za Mexico City huugawa mji katika sehemu tatu, yaani ya vilima, ya mpito na ya ziwa, na kila sehemu ina masharti yake. Basi mwenye kuomba kibali hutazama ramani, akajua ajenge vipi, bila ya kulipia upya elimu ambayo mji umekwisha kuipata.

Miji yetu ya ukanda wa Bonde la Ufa na pembezoni mwake yastahili ramani kama hizo, zenye kuonyesha mwamba, tope, vijito vilivyofukiwa, miteremko na nyufa za ardhi. Shule, hospitali na majengo ya ghorofa yasijengwe pasipo ripoti ya udongo wa kiwanja chenyewe, hata ramani ikiwapo. Nawasihi madiwani waombe fedha za kazi hii katika bajeti ijayo, na wahandisi wa halmashauri wasitie saini kibali cha shule yoyote ambayo udongo wake haujapimwa.