Nyama ya Kondoo na Ulimi wa Mtu



Baada ya Idi Kubwa iliyopita, mwenzetu mmoja wa Buyenzi alirudi hapa Kiriri na bakuli la nyama ya kondoo aliyopewa na mama yake atugawie. Mezani tulikuwa wanane. Sisi tuliotoka milimani tulilisukuma bakuli kando. Mimi nilizidi: niliziba pua, nikasema kwa sauti kwamba hicho si chakula cha watu. Mwenzetu alifunika bakuli lake, akatoka bila neno. Naandika haya kwa sababu nilikosa.

Nilidhani naihukumu nyama, kumbe sikuwa nimeionja hata mara moja. Nilikuwa nikirudia maneno ya nyumbani. Huku kwetu na kwa jirani zetu wa Rwanda, wengi wa wazee hawakula kondoo. Watwa walimla, na jambo hilo likafanywa kisingizio kimojawapo cha kukataa kula na kunywa pamoja nao. Basi maneno yangu yale yana mizizi mirefu, nayo si mizuri.

Katika miaka ya 1990 wataalamu waliwapa Waingereza na Wahispania waliofunzwa kuonja nyama ya kondoo wa nchi zote mbili. Wa Uingereza hukuzwa kwa majani. Wa Hispania huchinjwa angali mdogo, tena wengi hulishwa nafaka. Waonjaji wa pande zote walipatana ni ipi yenye harufu na ladha kali zaidi. Lakini walipoulizwa ni ipi nzuri, kila upande ulisifu ya kwao. Basi harufu imo katika nyama, hasa katika mafuta yake, nayo huzidi kadiri mnyama anavyokua. Bali kuipenda au kuichukia kumo ndani ya mlaji mwenyewe. Wahenga walinena, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ulimi nao ni vivyo hivyo.

Mwingine atauliza, "Je, nilazimishwe kula nisichokipenda?" La, hasha. "Ahsante, ndugu yangu, sijazoea," yatosha. Ubaya ni kuyageuza mazoea ya ulimi kuwa hukumu juu ya mtu. Sisi tupendao mishikaki ya mbuzi, tungefurahi mgeni akiizibia pua?

Nimekwisha kumwomba radhi mwenzetu. Jumamosi moja alinichukua kwao, nikala vipande viwili. Nasema kweli, sikuvipenda sana. Mama yake alicheka, akaniongezea mchuzi, nao niliumaliza.

Kaka zetu mlio mbali, bila shaka mmekwisha kuketi kwenye meza nyingi za wageni. Tuandikieni, mtuambie ni chakula gani mlichokidharau kwanza, na ni nani aliyewafundisha kukila.