Harusi Mbili

Mwezi wa Januari 2001, mjini Kandahar, Afghanistan, Osama bin Laden alimwoza mwanawe. Kamera zilikuwapo. Katika hafla ile baba mtu alisoma beti za Kiarabu mbele ya wageni. Hazikuwa beti za kuwaombea maharusi kheri na kizazi chema. Zilikuwa za kushangilia kulipuliwa kwa manowari ya Kimarekani, USS Cole, katika bandari ya Aden tarehe 12 Oktoba 2000, ambako mabaharia 17 walikufa. Televisheni ya Al Jazeera ikaurusha mkanda huo, na shairi likasafiri mbali kuliko habari ya harusi yenyewe.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 2005, mjini Amman, Jordan, palikuwa na harusi nyingine. Maharusi walikuwa Waislamu na wageni wao wengi walikuwa Waislamu. Katikati ya furaha mtu mmoja akajilipua ukumbini. Baba wa bwana harusi akafa, na baba wa bibi harusi akafa. Usiku uo huo hoteli nyingine mbili za mji huo zikalipuliwa, na jumla ya waliokufa ikafika takriban watu 60. Tawi la Al-Qaeda la Iraq, lililoongozwa na Abu Musab al-Zarqawi, mzaliwa wa Jordan, likajitangaza kuwa ndilo lililotenda.

Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Moustapha Akkad, mtengenezaji wa filamu aliyezaliwa Aleppo, pamoja na binti yake. Huyo ndiye aliyetengeneza filamu ya mwaka 1976 juu ya mwanzo wa Uislamu, ambayo haikuonyesha sura ya Mtume wala kumsikizisha sauti yake. Na ndiye aliyetengeneza filamu ya Omar Mukhtar, shujaa wa Libya aliyenyongwa na Wataliani mwaka 1931. Mtu aliyeuhadithia ulimwengu habari za Uislamu, na za mzee aliyepigana na mkoloni hadi kufa, aliuawa na watu wanaodai kuupigania Uislamu na kupambana na wakoloni.

Kati ya harusi hizo mbili imo habari nzima ya Al-Qaeda. Kundi hili hujiita ngao ya umma wa Kiislamu, ilhali umma huo ndio limeufanya ngao yake. Haitoshi kusema kwamba limekosea shabaha, au kwamba vijana wake wamechupa mipaka. Mkakati wake, tangu ulipoasisiwa, haukuweza kwenda mbele ila kwa maumivu ya wale linaodai kuwatetea.

Al-Qaeda iliundwa mjini Peshawar, Pakistan, mwezi wa Agosti 1988, vita vya Afghanistan dhidi ya Warusi vilipokuwa vikielekea ukingoni. Wakuu wake wawili hawakutoka katika darsa za maulamaa. Bin Laden alikuwa mwana wa tajiri wa ujenzi. Ayman al-Zawahiri alikuwa tabibu wa upasuaji kutoka Misri. Hakuna aibu katika kazi hizo. Lakini katika mwambao huu mtu hakai kusomesha hata mlango wa twahara ila kwa kujulikana alisoma kwa nani, na huyo naye alisoma kwa nani. Tarehe 23 Februari 1998 watu hawa wawili, na wenzao watatu, walitia saini tamko lililochapishwa katika gazeti la Kiarabu la London, wakidai kwamba kuwaua Wamarekani na washirika wao, askari na raia, ni faradhi juu ya kila Muislamu katika kila nchi. Katika elimu yenye silsila, neno zito kama hilo lingeulizwa kwanza isnadi yake.

Raia wasiopigana wamekatazwa kuuawa katika hadithi ambazo kila mwanafunzi wa chuoni huzisikia. Mgeni aliyeingia nchini kwa ruhusa ana amani ya wenyeji, na amani hiyo haivunjwi na mpita njia. Ili kuikwepa miiko hii, kundi lilishika nyenzo mbili. Ya kwanza ni takfiri, yaani kumtoa Muislamu katika Uislamu ili damu yake ionekane halali. Ya pili ni suala la tatarrus. Mafakihi wa kale walijadili itakuwaje jeshi la adui likiwaweka mateka Waislamu mbele yake kuwa ngao. Imamu al-Ghazali aliufungua mlango huo kwa masharti matatu mazito: iwe dharura, iwe yakini, na iwe umma mzima ndio ulio hatarini. Ulikuwa mlango mwembamba, wa kupita mtu mmoja kwa kujikunja. Al-Qaeda waliubomoa wakapitisha lori la baruti.

Mkakati nao haukufichwa. Wakuu wa Al-Qaeda walimwita Marekani adui wa mbali, wakakata shauri kumpiga yeye kabla ya watawala wa nchi zao wenyewe. Walitaka achoke aondoke, au aghadhibike avamie. Katika ujumbe wa Oktoba 2004 Bin Laden alikiri kuyapanga mashambulizi ya 11 Septemba 2001, akajinasibu kwamba ataifilisi Marekani kwa vita virefu kama Warusi walivyofilisiwa Afghanistan. Mwaka uo huo, katika kitabu kilichotolewa kwa jina la Abu Bakr Naji, ilishauriwa Marekani ivutwe iache kupigana kwa mikono ya wengine, iingie vitani yenyewe.

Hapo ndipo penye swali ambalo kundi halikulijibu: vita hivyo virefu vitapiganwa katika ardhi ya nani? Havikupiganwa Washington. Vilipiganwa Kabul, Falluja, Mosul na Mogadishu. Aliyechokoza nyuki alikwisha jificha pangoni. Walioumwa ni wenye mzinga. Kila nyumba iliyobomolewa na ndege ya kigeni ilikuwa hasara kwa mwenye nyumba na faida kwa kundi, kwani kilio chake kilikuwa tangazo jipya la kuwaita vijana.

Afrika Mashariki iliyaona haya mapema kuliko wengi. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, balozi mbili za Marekani zililipuliwa, moja Nairobi na moja Dar es Salaam. Nairobi waliuawa watu 213. Wamarekani walikuwa 12. Majeruhi walizidi 4,000, wengi wao wapita njia na wafanyakazi wa ofisi za jirani waliosogea madirishani waliposikia kishindo cha kwanza. Dar es Salaam waliuawa watu 11, na hapana Mmarekani hata mmoja kati yao. Gari la maji lililokuwa langoni ndilo lililozuia lori la mabomu lisiingie ndani.

Wengi wa waliopanga walikwisha ondoka Afrika Mashariki kabla ya siku yenyewe. Kijana wa Unguja aliyetumiwa katika nyumba ya Dar es Salaam ambamo bomu lilitengenezwa aliachwa nyuma, akakimbilia Afrika ya Kusini, akakamatwa Cape Town mwaka 1999, na mwaka 2001 akahukumiwa New York kifungo cha maisha. Hana udhuru kwa alilolitenda. Lakini na itazamwe hesabu ya kundi hili: wakubwa hubeba jina, na wadogo hubeba mizigo.

Kisha ikaja Kikambala, kaskazini ya Mombasa, tarehe 28 Novemba 2002. Wageni kutoka Israel walikuwa wakiwasili hotelini, na wenyeji wakiwapokea kwa ngoma, kama ilivyo ada ya pwani. Gari lililojaa baruti likaingia. Walikufa Waisraeli watatu na Wakenya kumi, na miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wachezaji ngoma. Walikuwa watu maskini wa mwambao waliokuwa kazini kuchuma riziki yao. Katika tangazo lao Al-Qaeda walilitaja tukio hilo kuwa ni kuwalipia kisasi Wapalestina. Ni haki gani ya Mpalestina iliyorudi kwa kufa kwa mchezaji ngoma wa Kikambala? Mwezi wa Mei 2003 Uingereza ikazizuia ndege zake za abiria zisiende Kenya, na njaa ikawaingia wachongaji, manahodha na wapishi.

Mmoja wa waliotajwa kuwa wapangaji wakuu, Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Moroni, alijificha Siyu katika kisiwa cha Pate kwa jina lisilokuwa lake. Akafundisha, akaoa, akala chakula cha watu. Alipotoroka, walioachwa kukabili polisi ni wakwe zake na wenyeji waliomkirimu kwa nia njema. Ukarimu wa kisiwa ukageuzwa pango la mtu anayewindwa.

Mpenzi wa ushairi ana sababu ya pekee ya kusita katika jina la Pate. Huko ndiko Mwengo wa Athumani alikotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, utendi wa vita vya Waislamu na Herekali wa Rumi. Hapana atakayesema kwamba fasihi ya Kiswahili inaogopa kuimba vita. Lakini katika tendi hizo barua hutangulia upanga, adui huitwa kwa jina lake, na shujaa humkabili shujaa mwenziwe uso kwa uso. Hakuna utendi uliomsifu mtu aliyejipenyeza harusini akawaua wazee wa maharusi. Beti za Kandahar ziliazima vazi la ushairi wa kale wa kishujaa ili kumvika mtu asiyekwenda vitani mwenyewe.

Itajibiwa kwamba Marekani imeua wengi zaidi: Iraq ilivamiwa mwaka 2003 kwa hoja ya silaha ambazo hazikuonekana, watu walifungwa Guantanamo miaka mingi bila hukumu, na Wapalestina hawajapata haki yao. Yote hayo ni kweli, na hayapaswi kupunguzwa. Lakini dhuluma ya mmoja haimpi mwingine hati ya kudhulumu watu wa tatu. Wengine watasema kundi hili ni hila ya majasusi tu, wala halina mizizi miongoni mwa Waislamu. Hilo ni jibu la kustarehesha, lakini linapingwa na kauli za wakuu wa kundi wenyewe, na linawaacha vijana bila kinga.

Waliojibu sawasawa ni wale walioikabili hoja yenyewe. Mwezi wa Septemba 2007 Sheikh Salman al-Awda, aliyepata kufungwa na serikali ya Saudia katika miaka ya tisini na asiyeweza kuitwa kibaraka, alimkabili Bin Laden kwa jina katika televisheni, akamhoji juu ya damu ya wasio na hatia iliyomwagwa kwa jina la Al-Qaeda. Mwaka uo huo Sayyid Imam al-Sharif, ambaye vitabu vyake viliwahi kusomeshwa katika kambi za kundi, aliandika gerezani Misri kuyapinga matendo ya wanafunzi wake.

Hata hesabu ziliwaunga mkono. Uchunguzi wa chuo cha kijeshi cha Marekani cha West Point, uliotolewa mwaka 2009 kwa kutegemea vyombo vya habari vya Kiarabu, ulionyesha kwamba kati ya waliouawa na Al-Qaeda kuanzia 2004 hadi 2008 watu wa nchi za Magharibi walikuwa asilimia 15 tu. Barua zilizokutwa Abbottabad, Bin Laden alipouawa mwezi wa Mei 2011, zinaonyesha kwamba alitaabishwa na jina la kundi lililochafuka, hata likafikiriwa jina jipya. Dawa ya doa hilo ilikuwa kuacha kuua. Yeye alitafuta jina.

Kundi la Al-Shabaab la Somalia lilitangazwa kujiunga na Al-Qaeda mwezi wa Februari 2012. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililipuka katika njia panda ya Mogadishu, likaua watu zaidi ya 500, Waislamu kwa Waislamu wenzao. Serikali ya Somalia ililinasibisha tendo hilo na Al-Shabaab, na kundi lenyewe halikuthubutu kulidai. Kunyamaza huko ni ushahidi. Hata wao walijua kwamba hapakuwa na fatwa wala ubeti wa kuyafunika maiti yale.

Tarehe 21 Desemba 2015 wapiganaji wa kundi hilo walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, tayari wanawake walikuwa wamewavika wenzao mitandio ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Januari 2016. Huo ndio ujasiri ambao tendi za mwambao zinaujua: mtu kusimama mwenyewe mbele ya silaha kwa ajili ya jirani yake. Bin Laden alipata shairi lake harusini, na televisheni ikamrushia. Wachezaji ngoma wa Kikambala, maharusi wa Amman na mwalimu wa Mandera wangali na deni lao kwa malenga, na deni la maiti halisamehewi kwa kupita miaka.