Mafuta Si Mafuta Tu, Dada Zangu



Leo sizunguki. Wapo wanaochukua mafuta ya alizeti ya kupikia, wakayatia manukato, wakatuuzia kwa jina la nazi au habbat sauda. Ukiuliza, unajibiwa: "Mafuta ni mafuta tu." Si kweli!

Kila mbegu Allah ameipa mafuta yake, na tofauti iko kwenye asidi zilizomo. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ndiyo maana yanaganda baridi ikishuka chini ya nyuzi 24. Mbarika karibu asilimia 90 ni asidi ya risinoleiki. Ndiyo inayoyafanya mazito na ya kunata. Habbat sauda zaidi ya nusu ni asidi ya linoleiki, inayoharibika upesi kwa jua na hewa. Chupa nyeupe iliyokaa dirishani miezi, hata kama ni halisi, ishachacha.

Ndiyo, alizeti ya kawaida nayo ina linoleiki nyingi, na hapo ndipo wajanja wanapojificha. Lakini haina ile harufu kali ya habbat sauda yenyewe, na mteja kalipia habbat sauda.

Mimi pia nilidanganywa. Nilinunua dumu la "nazi safi" kwa jumla, nikamuuzia bi harusi niliyemshonea gauni. Mama yake akaiweka chupa kwenye friji usiku kucha. Asubuhi bado maji matupu. Nilirudisha pesa, na aibu ikabaki kwangu, kwa sababu sikujaribu kabla ya kuuza.

Wengine watasema kuchanganya si haramu. Sawa, basi andika kwenye chupa: nusu nazi, nusu alizeti, na bei ishuke. Mtume wetu (s.a.w.) alitia mkono kwenye lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea mwenyewe. Lebo zetu ndizo lundo letu.

Bi harusi, nunua mapema, chupa ya rangi nyeusi. Nazi itie kwenye friji, isipoganda, irudishe. Na wewe muuzaji mwenzangu, fedha ya ghushi haina baraka.